Korongo Aliyekuwa Mwisho wa Njia

Wifi yangu aliacha kula siku tuliyomzika kaka yangu, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumrudisha kwenye chakula.

Katika ukoo wetu, huko Pajulu nje ya mji wa Arua, mume akifa, tonge la kwanza la mjane hutoka mkononi mwa dada wa marehemu. Si mama mkwe, si mama yake mzazi, wala jirani mwenye huruma. Dada mtu anakaa naye kwenye mkeka, anamega ugali wa muhogo, anachovya kwenye mboga, anamlisha. Tangu hapo mjane anaruhusiwa kula kama watu wengine. Kaka yangu alikuwa na dada mmoja tu, kwa hiyo hapakuwa na mjadala. Nilimega, nikachovya, nikamlisha. Akatafuna muda mrefu, akameza, akaniambia asante. Wanawake waliokuwa wametuzunguka wakashusha pumzi, wakaenda kuosha masufuria, kila mmoja akiamini kwamba jambo hilo limekwisha.

Halikwisha. Wifi alikula lile tonge kwa heshima yangu, kama mgeni anavyopokea soda kwenye nyumba ya watu ingawa hana kiu, halafu akaishia hapo. Baada ya hapo alikula kiasi cha kuzuia maneno tu. Kikombe cha chai ya rangi. Kipande cha muhogo alichokigeuza geuza sahanini mpaka kikapoa, halafu kikaenda kwa kuku.

Ungemjua zamani ungecheka. Huyu alikuwa mlaji. Mawifi kwetu wana ruhusa ya kutaniana mpaka karibu na matusi, na mimi nilikuwa namwita Ghala la Dranya, kwa jina la kijiji chao, maana alikuwa anamaliza samaki mkavu wa angara kuanzia kichwa hadi mkia, miiba anaitema kando kwa ustadi, halafu anauliza kama sufuria imebaki na kitu. Naye alikuwa ananiita Mdomo. Hilo jina sikupewa bure. Nauza vitenge sokoni Arua na mdomo wangu unajulikana kuliko vitenge vyangu.

Kaka alikuwa dereva wa lori kwenye barabara ya Koboko, akipeleka bidhaa hadi mpakani na kuwarudisha wafanyabiashara wa Sudani Kusini na mizigo yao. Wifi alikuwa akiwauzia madereva chai na maharagwe pale Koboko mjini. Yeye Mkakwa, kaka Mlugbara, basi walichumbiana kwa Kiswahili cha barabarani, wakazaa kwa Kiswahili hicho, wakagombana kwa hicho hicho. Mimi pia ndicho ninachoongea naye. Hiki ninachoandika nilikiokota kwenye vitabu na redio, na wifi angekisikia angesema najifanya mtu wa mbali. Baba hakufurahi kaka alipojenga Dranya, karibu na wakwe, lakini kaka alicheka tu akasema huko ndiko kwenye chakula. Alipokufa tulimrudisha nyumbani Pajulu kama inavyotakiwa. Ndiyo maana kaburi liko kwetu na nyumba iko kwa wifi, na barabara yote ile iko katikati.

Miezi kadhaa baadaye wifi alikuja Arua tulipotaka kulijengea kaburi saruji, akafikia kwangu mjini. Nilipomwona anashuka garini nusura nisimtambue. Kitenge nilichomshonea mwenyewe kilikuwa kinamzunguka mara mbili na bado kinabaki. Watoto wake ni wakubwa, wako mbali na kazi zao, na kila mmoja alikuwa amenipigia simu kwa zamu yake: shangazi, angalia mama. Nikampeleka kwenye zahanati karibu na soko. Nesi akampima kila kitu kinachopimika, akasema hana ugonjwa. Akanivuta kando.

"Wewe tembeza yeye," akaniambia. "Mutu nachoka, tumbo naomba yenyewe."

Hiyo niliielewa. Ilikuwa kama dawa yenye maelekezo.

Nje kidogo ya mji kuna kimbilio la ndege. Watu fulani walilitenga bonde la maji pamoja na kipande cha msitu kilichosalia, wakachimba njia za kutembelea, wakapanga mawe yaliyopakwa chokaa kandokando. Miaka yote hiyo sikuwahi kukanyaga. Sisi wa sokoni tulisema ni mahali pa watu wa mashirika na maharusi wanaotafuta picha. Mimi nilikuwa na kauli yangu niliyoirudia mpaka wenzangu wakaichoka: mtu alipe kiingilio kuangalia ndege, na ndege hao hao wanamnyea nguo kwenye kamba bure? Lakini sasa nilihitaji mahali ambapo mtu anaweza kutembea muda mrefu bila kukutana na pikipiki wala mtu wa kumpa pole. Pole za mjini zilikuwa zinammaliza. Kila kona mtu anamshika mkono, anainamisha kichwa, na wifi inabidi amfariji huyo anayemfariji.

Nikapika tangu alfajiri. Angara wa kuungwa kwa karanga, ugali wa muhogo niliofunga kwenye jani la mgomba, na kunde zenye simsim. Nikapanga kikapuni, nikafunika kwa kitambaa. Nikajiapia kwamba kikapu hakifunguliwi mpaka tufike mwisho wa njia na miguu imuume. Halafu nikavaa viatu vyangu vya kanisani, vyenye kisigino, kwa sababu tulikuwa tunatoka, na mimi nikitoka nataka ionekane nimetoka. Ndiyo akili yangu hiyo.

Mama aliyetupokea langoni alikuwa rika letu, amevaa buti za mpira, na darubini inaning'inia shingoni. Ndiye mwongozaji. Alinisalimia kwa Kilugbara, lakini alipoona wifi hafuati akageukia Kiswahili bila kuambiwa, na kwa hilo tu nilipaswa kumheshimu. Akatupa masharti. Sauti iwe chini. Tusitoke nje ya mawe meupe. Tusichume, tusiokote, tusiondoke na kitu. Nikaitikia kama mtu anavyoitikia matangazo ya kanisani, huku nikitazama viatu vyangu na ile njia yenye kokoto.

"Huko mwisho ya njia, kwa maji, iko ndege ya bendera," akasema. Alikuwa anamsema korongo, yule mwenye taji kichwani aliye kwenye bendera ya nchi yetu. "Zamani ilikuwa mbili. Bwana yake aligonga waya ya stima, akakufa. Sasa iko yeye moja. Kila siku nakuja pahali ile ile."

Wifi alikuwa hajasema neno tangu asubuhi isipokuwa salamu. Akauliza:

"Na yeye iko nakula?"

Nililisikia swali. Nilikuwa nimeinama, nimeshika mti kwa mkono mmoja, natoa kijiwe kwenye kiatu, na jibu likanipita. Nilisikia tu sauti ya yule mama ikieleza kitu kirefu na wifi akisema mm, mm. Nilipoinuka walikuwa wameshaanza kutembea. Nikabeba kikapu nikawafuata nikinung'unika.

Pazuri, sitasema uongo. Njia inaingia msituni na kelele ya mji inakatika nyuma yako. Hondohondo alipita juu kwa mabawa yanayovuma, mimi nikainama nikidhani ni kitu kinaanguka, na mwongozaji akaficha kicheko kwa adabu. Kulikuwa na ndege wadogo wa manjano wanaofuma viota juu ya matete, wanagombana bila kupumzika. Nikamwambia wifi hao ni wenzangu wa sokoni. Hakucheka, lakini aligeuka akaniangalia, na siku zile kuangaliwa na wifi kulikuwa na thamani.

Alikuwa mbele yangu muda wote. Anatembea haraka, mikono imekamata kitenge, macho yako mbele. Nikamwambia asikimbie, hatufukuzwi na mtu. Nikajipongeza moyoni. Nikasema dawa ya nesi inafanya kazi, atachoka, atakula. Haikunijia kabisa kwamba mtu anayetembea hivyo kuna mahali anapokwenda.

Tulikuwa tumepita daraja dogo la magogo, na mwongozaji ametutangulia kidogo kuangalia njia kama ina matope, kanga mmoja akaruka kutoka kwenye majani karibu kabisa na miguu yetu. Kelele yake unaijua kama umekulia shamba. Wifi akasimama. Akainama pale alipotokea, akafungua majani kwa vidole viwili, na hapo palikuwa na kiota chenye mayai, yamejaa.

Sasa, huko Dranya mtu akikuta mayai ya kanga hayapiti. Ni riziki yake. Anachukua sehemu, anamwachia mama mtu sehemu, anakwenda kuyaweka chini ya kuku anayeatamia nyumbani, na vifaranga wakitoka wanakua na kuku wakidhani ndiye mama. Hata Pajulu tunafanya hivyo. Mkono unakwenda wenyewe. Wifi alichuma jani pana, akayachukua kwa jani lile bila kuyagusa kwa vidole, moja baada ya jingine, akayafunga kwenye pindo la kitenge. Nilimwangalia usoni. Uso ulikuwa umelegea. Alikuwa na uso wa mtu mwenye shughuli.

Mimi nilifurahi mpaka nikasahau kisigino. Tangu mazishi sikuwa nimemwona anashika kitu kwa ajili ya kesho. Mtu anayebeba mayai ya kuatamishwa anategemea kuwepo yakianguliwa, nikajiambia. Amri za langoni zilikuwa zimenitoka kichwani kabisa, na kama zisingenitoka nadhani ningezimeza.

Mwongozaji akarudi, akaona lile furushi dogo kiunoni.

"Mama, hiyo ni nini?"

Wifi hakuficha. Akafungua pindo akamwonyesha. "Mayai ya kanga. Nitawekea kuku yangu."

"Hapa hapana toa kitu. Rudisha tu, taratibu. Kanga narudi."

"Haya," wifi akasema. "Nilisahau."

Akapiga magoti, akaanza kuyarudisha kwa jani lile lile. Mwongozaji akachuchumaa kumsaidia kushika majani yasifunge. Hakuna aliyepandisha sauti. Wale wanawake wawili walikuwa wamemaliza jambo lao.

Ila mimi sikuwa nimemaliza. Wifi yangu wa zamani, yule aliyewafukuza walevi kwenye kibanda chake cha chai kwa mwiko, asingesema haya. Angesema pori hili lilikuwepo kabla ya mawe yenu meupe. Angesimama, angeweka mikono kiunoni. Kumwona amepiga magoti anarudisha kitu pekee alichokitaka kwa miezi yote hiyo, kwa sauti ya upole, kulinichoma mpaka nikapandwa na hasira nisizojua zimetoka wapi. Nikaona afadhali mimi nigombane kwa niaba yake.

Nikaanza. Nilisema bonde hili babu zetu walichungia ng'ombe. Nilisema kanga hana kitambulisho cha mtu. Nilisema watu wamefunga kila kitu, msitu, maji, sasa hata mayai. Sauti yangu ni ya sokoni, haijui kushuka. Ndege wote wa manjano wakaruka kutoka kwenye matete kwa pamoja. Kikundi cha wageni waliovaa nguo za kanisa wakasimama kwenye daraja, simu zao mkononi, wakatutazama. Mwongozaji akanyoosha kiganja, akaniomba nishushe sauti, na hapo ndipo nilipolitoa lile ambalo nikilikumbuka nikiwa peke yangu hujikuta nimefunga macho.

"Ile ndege yenu iko mjane, munachunga," nikasema. "Na huyu hapa iko mjane, munamunyang'anya mayai."

Hakuna mtu aliyewahi kumwita wifi hivyo mbele yake. Si mimi, si watoto, si hata wale wa pole za mjini. Tulisema amefiwa, tulisema mama watoto, tulizunguka. Mkono wake ulikuwa juu ya kiota na yai moja limebaki ndani ya jani. Ukasimama hapo. Halafu akaliweka lile yai polepole, akafunika majani, akainuka, akajifuta mavumbi magotini.

Mwongozaji hakukasirika, na ingekuwa rahisi kwangu kama angekasirika.

"Mama, wewe rudi," akaniambia. "Siku ingine kuja na roho baridi."

"Nakwenda. Hata hapana haja ya kuniambia."

Wifi akamgeukia mwongozaji. Akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa maji iko mbali?"

"Iko karibu. Ona, maji ile inang'aa." Kweli, kati ya miti ulionekana mng'ao. "Wewe unaweza kwenda na mimi. Huyu mama angojee hapa kwa daraja."

Nilisikia hilo. Safari hii sikuwa na kijiwe kwenye kiatu, nilisikia kila neno. Na mimi, nikiwa nimevimba kwa ajili yake, nikaona kwamba tunadharauliwa, kwamba wanataka kutugawa. Nikamshika mkono. "Twende, wifi." Nikamvuta.

Angeweza kukataa. Lakini mke wa mtu kwetu hashindani na dada wa mume mbele ya watu, na hata kwao Dranya hivyo hivyo, na yeye ni mtu wa adabu kuliko mimi. Akaangalia ule mng'ao mara moja. Akafuata mkono wangu.

Nje ya lango tulisimama kando ya magunia ya mkaa tukisubiri bodaboda. Mimi bado naongea. Nilikuwa nampangia yule mama barua, mashtaka, redio. Wifi alinisubiri mpaka nikavuta pumzi.

"Wifi," akasema, "mimi hapana taka ile mayai."

"Hapana taka namna gani? Ulikuwa unafunga kwa nguo."

"Mayai niliona kwa njia, nikachukua. Ni mkono tu. Mimi nilikuwa nakwenda kuona ile ndege." Akatengeneza kitenge, ambacho hakikuwa na kitu tena. "Ile mama alisema bwana yake nakufa, yeye nakataa kula. Siku mingi nasimama tu kwa maji. Halafu ikarudi kula. Nikasema kwa roho yangu, nikiona yeye nakula, na mimi nitakula pale pale. Na wewe ulibeba chakula."

Nilikishika kile kikapu kwa mikono yote miwili. Kilikuwa bado na joto chini.

Nikamwambia turudi. Nikamwambia nitaomba msamaha, nitavua viatu, nitakaa langoni kama mbwa, yeye aende. Nikageuka kweli kuelekea lango. Akanishika nguo kwa nyuma.

"Wacha," akasema. "Nguvu imekwisha."

Tulirudi nyumbani na chakula chote. Jioni nilikipasha moto, nikakaa naye kwenye mkeka, nikamega, nikachovya, nikamlisha kwa mkono wangu kama siku ile ya matanga. Alifungua mdomo. Akatafuna, akameza, akaniambia asante. Nikajua tumerudi pale tulipoanzia, na pengine nyuma zaidi, maana siku ya matanga alikuwa bado na mwili.

Saruji ya kaburi ilipokauka alipanda gari kurudi Dranya. Nilitaka abaki. Alisema kuku wake wana njaa, na mimi nikashindwa hata kutania juu ya kuku kuwa na njaa. Tangu hapo nimempigia simu karibu kila Jumapili. Namwambia aje, twende tena, nimenunua viatu vya raba. Hakatai. Anasema siku ingine. Wanawe wanakwenda kumwona kwa zamu na kila anayetoka kwake ananiambia jambo lile lile: mama yupo, shangazi, ila amepungua.

Kiangazi kilipoingia nilikwenda mwenyewe. Nilifunga meza yangu mchana kweupe, wenzangu wakauliza nani amekufa. Nilibeba kikapu. Sijui kwa nini, mkono ulipika kama siku ile, angara, ugali, kunde. Nilivaa raba.

Yule mwongozaji alinikumbuka. Mtu yeyote angenikumbuka. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kuomba radhi njia nzima, lakini nilipomwona ikayeyuka, nikasema tu, mama, siku ile nilikosa. Akasema yamepita. Akaniambia yule kanga alirudi, akaangua, na sasa vifaranga wake wanasumbua kila mahali. Kisha akaangalia nyuma yangu.

"Ile mama mwingine iko wapi?"

"Iko Dranya."

"Aliuliza vizuri," akasema. "Watu nauliza mimi ile ndege iko na miaka ngapi, nauzwa ngapi. Yeye aliuliza kama iko nakula."

Tulivuka daraja la magogo. Nilitembea kimya, na kwa mara ya kwanza nikasikia ni sauti ngapi nilizokuwa nimezifunika siku ile. Mwisho wa njia ulikuwa karibu kuliko nilivyodhani. Kona moja, halafu miti inaachana. Kuna mabenchi ya magogo. Mbele yake maji yalikuwa yamenywea, yamebaki katikati kama kwenye bakuli, na kandokando ni matope yaliyopasuka na majani makavu. Hapakuwa na korongo. Mwongozaji alisema maji yakipungua huondoka, huenda kutafuta bonde lingine, labda upande wa Logiri, labda huko Kongo. Mvua ikinyesha pengine atarudi. Pengine hatarudi. Akaniacha nikae.

Nikampigia wifi.

"Wifi, niko hapa kwa maji."

Nilisikia kuku wake. "Ndege iko?"

Sisi watu wa barabara hii tunadanganya kwenye simu kila siku. Mtu yuko kitandani Arua anasema ameshapita nusu ya njia ya Koboko. Nikaangalia yale matope.

"Iko," nikasema.

"Iko nakula?"

"Iko nakula sana."

"Nakula nini?"

Nilimwona akiwa amesimama uani kwake, simu imebanwa sikioni, anangoja. Nikatafuta. Ndege mrefu, mguu mrefu, anakaa kwenye maji.

"Samaki," nikasema.

Kuku wakaendelea kulia upande ule. Aliponijibu sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo.

"Ile ndege hapana kula samaki, wifi. Ile mama alisema. Anapiga chini na mguu, panzi inaruka, anakamata. Wewe ulikuwa natoa jiwe kwa kiatu."

Mimi Mdomo nilipata neno moja tu. Nilimwambia nisamehe. Sijui kama alisikia, mtandao wa kule bondeni ni wa kubahatisha.

"Wewe umekula?" akaniuliza.

"Bado."

"Basi kula. Jua iko kali."

Nikafungua kikapu. Niliibana simu kwa bega, nikamega ugali, nikachovya kwenye angara. "Na wewe, wifi?" nikamwuliza. "Wewe umekula?"

"Mimi niko," akasema.

Simu ikakatika. Nilikaa kwenye lile benchi na tonge mkononi, limeshachovywa, mchuzi unanitiririkia kwenye kifundo cha mkono, na hapakuwa na mtu wa kumlisha.